Mshono wa Nyuma

Kila jioni baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha mama yake kabla ya kurudi nyumbani. Mama alikuwa fundi cherehani. Kibanda chenyewe kilikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia nguo na stuli ya wateja waliosubiri suruali zao zipunguzwe kiuno. Chiriku aliokota vipande vya kitambaa sakafuni, akapanga nyuzi kwa rangi zake, kisha akakata nyuzi zilizobaki zikining'inia kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Kazi nyingine, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kuongea. Aliongea tangu anavua viatu mlangoni mpaka anavivaa tena, ndiyo maana watu wote walimwita Chiriku, na jina lake la shuleni likabaki la mwalimu tu.

Miezi ile Mama alikuwa na kazi nyingi kuliko kawaida. Alipokea sare za shule, mapazia, hata mifuko ya mpunga iliyochanika, na hakuna mteja aliyeambiwa arudi kesho kutwa. Sababu ya pilikapilika hizo ilikuwa imetundikwa ukutani, chumbani kwa Bibi.

Bibi, mama yake Mama, aliishi nao katika chumba cha uani. Ukutani mwake kulikuwa na kalenda ya zamani ambayo kurasa za miezi zilikwisha kuchanwa zote, ikabaki picha peke yake. Ilikuwa picha ya maporomoko makubwa ya maji yaliyoko upande wa pili wa nchi. Rangi zake zilikuwa zimefifia na kona moja ilikuwa imeliwa na mende, lakini Bibi hakutaka iondolewe. Siku moja Chiriku alipotaka kuibandua ili abandike ratiba yake ya masomo, Mama ndiye aliyemfokea, si Bibi.

Mama alikuwa akichanga fedha za kumpeleka Bibi huko, lakini kwenda kwa basi hakukuwezekana. Safari ilikuwa ndefu, yenye vumbi, na kifua cha Bibi kilikuwa kibovu. Daktari alimwonya ajihadhari na vitu viwili, vumbi na unyevu. "Ukilala kwenye unyevu, Mama," alimwambia, "tutaonana hapa hapa hospitalini, na hutatoka haraka." Kisha ikatokea kwamba shirika moja la ndege lilipunguza nauli za msimu wa mvua, wakati wasafiri ni wachache. Mama na Baba walikaa wakapanga. Wangekwenda kwa ndege, wangekodi gari dogo kuliko yote, Baba angeendesha mwenyewe, na kwa kuwa nyumba za wageni za kule zilikuwa na bei za kufukuzia watu, wangelala kwenye hema.

"Hema lenyewe liko wapi?" Chiriku aliuliza.

"Unaongea na fundi," Mama alijibu. "Subiri uone."

Mahema ya dukani yalikuwa ama ghali ama mazito, na ndege haitaki mizigo mizito. Mama alipata robota la kitambaa cha kushonea miavuli kwa mwenye duka aliyechoka kulitazama. Baba, ambaye alikuwa fundi baiskeli, alitengeneza fito kwa mabomba membamba, moja likiingia ndani ya jingine. Kwa wiki kadhaa kibanda kilijaa kitambaa cha kijani mpaka wateja wakawa wanaingia kwa kukanyaga pembeni. Mama aliposhona mshono wa mwisho, alimwita Chiriku.

"Sasa kazi iliyobaki ni yako. Sindano ikipita kwenye kitambaa inaacha tundu. Ni dogo, lakini maji yanapita. Chukua hii mishumaa, sugua kila mshono, ndani na nje, mpaka uzi uwe mweupe. Halafu pasha kijiko moto kidogo tu, ukandamize nta iingie. Kisiwe cha moto sana, kitambaa hiki kitanywea. Ukimaliza, lisimamishe uani ulimwagie maji, uone kama linavuja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Chiriku alianza vizuri. Alisugua mishono ya mbele, ile ya mlangoni, ndani na nje, akaikandamiza kwa kijiko, ikapendeza hata yeye mwenyewe akaifurahia. Lakini kusugua mshumaa ni kazi ya kuchosha vidole, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Aliutazama mshono mrefu wa nyuma, ule unaounganisha paa na ukuta. Ulikuwa mrefu jamani. Akajiambia kwamba nyuma hakuna mtu anayeangalia, na kwamba huenda mvua yenyewe isinyeshe. Akalikunja hema, upande wa mbele ukiwa juu.

Jioni Mama alimkuta kibandani. Alikuwa na pini mdomoni, anapinda sketi ya mtu.

"Umemaliza?" aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Nimemaliza."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

"Umelimwagia maji?"

"Nimelimwagia, Mama. Hata tone halikupita."

Mama akazitoa pini zote mdomoni ili amshukuru vizuri. "Ahsante sana, mwanangu. Umenipunguzia mzigo. Mimi nisingepata nafasi ya kurudia." Kisha akarudi kwenye sketi.

Chiriku alisikia shukrani ile ikimkaa vibaya, lakini alinyamaza. Mishumaa iliyobaki hakuweza kuirudisha, wala kuiacha chumbani, kwa sababu mdogo wake, Bonge, alikuwa na tabia ya kufukua vitu na kutangaza alichokipata. Akaificha ndani ya soksi, na soksi akaitia chini kabisa ya begi lake la safari. Alisema ataitupa baadaye.

Mkesha wa safari walipima mizigo kwa mizani ya kuning'iniza waliyoazima kwa muuza mkaa, na kila begi likapata alama nyeusi ya uzito wake. Bonge alitaka naye apimwe. Baba akamwambia shirika la ndege likijua uzito wake litaongeza nauli, Bonge akanuna mpaka alipopewa kazi ya kushika kamba.

Kwenye uwanja wa ndege, karani wa mizigo aligonga gonga mfuko mrefu wa fito. "Humu mna nini, mzee?"

"Nyumba yetu," alijibu Baba.

Karani alicheka, akaupitisha. Ndani ya ndege Bibi alikaa dirishani, amemshika Bonge mkono, ingawa haikujulikana vizuri ni nani aliyekuwa akimpa mwenzake moyo. Ndege ilipoanza kukimbia, Bibi alimuuliza Bonge, "Mume wangu, huyu dereva mbona hapigi honi?" Bonge akasema juu hakuna wa kumpigia. Abiria wa mbele waligeuka wakicheka. Kwa kawaida Chiriku angedakia hapo na asingenyamaza mpaka wanatua, lakini alikuwa akitazama mawingu. Hakuwahi kujua kwamba yako mengi kiasi kile.

Gari walilokodi lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, na mlango wake mmoja ulifunguka kwa nje tu. Baba alilizunguka, akapiga magurudumu teke kidogo kama afanyavyo kwa baiskeli, akaridhika. Walinunua mkate, mayai, vitunguu na maji ya kunywa, wakapanga chakula miguuni mwa watoto, wakaondoka. Barabara ilipanda mlima taratibu. Hewa ilizidi kuwa baridi, na Mama akamfunga Bibi mtandio kifuani.

Kambi ilikuwa uwanja wa nyasi zilizofyekwa, wenye bomba la maji, choo safi na banda la kupikia. Mlinzi wa kambi, mwanamume aliyevaa mabuti ya mpira, aliwaonyesha mahali palipoinuka. "Simamisheni hapa. Mvua ya huku haipigi hodi. Leo imetuhurumia, lakini kesho sidhani."

Walisimamisha hema wote pamoja. Lilipokaa sawa, Mama alirudi nyuma hatua chache akalitazama kwa muda. Lilikuwa hema zuri, limenyooka, kona zake kali. Alitabasamu mwenyewe. Kisha akaingia kupanga vitanda.

"Bibi yenu atalala kule nyuma," alisema, akitandika magodoro mawili membamba waliyokodi kambini, moja juu ya jingine. "Huku mlangoni kuna upepo. Kule ndiko kukavu kuliko kote."

Chiriku alitazama juu. Kitanda cha Bibi kilikuwa chini ya mshono wa nyuma, sawasawa, kama kwamba mtu amepima kwa futi.

"Mama, mimi nilale kule," alisema haraka. "Bibi alale hapa kwangu."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Hapa ni... ni karibu na choo."

Bibi alimvuta akambusu kichwani. "Mjukuu wangu ana huruma, jamani! Mnamwona? Ananifikiria mimi hata usiku. Lakini hapana, mama. Upepo wa mlangoni na kifua changu havipatani. Acha nilale huko huko."

"Umemlea vizuri," Baba alimwambia Mama. Wote wakamtazama Chiriku kwa upendo, naye akatamani nyasi zifunguke zimmeze. Kugombezwa alikuzoea. Kusifiwa kwa namna ile ndiko hakukujua akuweke wapi.

Usiku ule haikunyesha. Asubuhi kulikuwa na umande, na upande wa mlima mawingu yalikuwa yamejazana, meusi kwa chini. Walikunywa chai na mayai ya kukaanga. Hiyo ndiyo siku waliyoijia, kwa sababu kesho yake ndege ilikuwa ikiwarudisha. Bibi alivaa gauni lake la kutokea. Mama naye, ambaye nyumbani alikuwa akivaa nguo zilezile za kazini, alivaa gauni jipya lenye maua madogo alilojishonea bila mtu kujua. Baba akapiga mluzi. Mama akamtupia leso.

"Nguo za kulalia zote ziacheni ndani ya hema," Mama aliagiza. "Tutarudi jioni. Hata ikinyesha, zitakuwa salama."

Waliingia garini. Baba akawasha gari. Bonge alikuwa tayari ameanza kuuliza kama maporomoko huwa yanazimwa usiku.

Bibi aligeuka nyuma. "Leo kuna nini? Toka jana Chiriku hajasema hata neno la maana. Au ndege imemmeza sauti?"

Chiriku alitazama hema kupitia kioo. Aliona kitanda cha Bibi kikilowa, shuka, blanketi, mito. Aliona wakirudi jioni na baridi ile, hawana nguo kavu hata moja. Akamkumbuka daktari. Aliweza kunyamaza bado. Huenda mvua isingekuja kabisa, na hakuna ambaye angejua. Baba alitoa breki.

"Baba, simama!"

Gari likasimama kwa mshtuko. Chiriku alivuta mkono wa mlango wake, lakini ulikuwa ule usiofunguka kwa ndani, akawapanda Bonge na Mama mapajani akatokea upande wa pili. Akasimama kwenye nyasi mbele ya dirisha la Mama.

"Sikupaka nyuma," alisema. "Nilipaka mbele tu. Mshono wa nyuma sikuupaka kabisa. Na maji sikumwagia. Nilikudanganya, Mama."

Bonge alisema "Mh!"

Baba alizima gari. "Unasema nini wewe? Bibi yako analala pale! Unajua daktari alisema nini?"

"Najua."

"Unajua, na umekaa kimya tangu nyumbani? Umetupandisha ndege na uongo wako?" Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti, na kwa sababu hiyo sauti yake iliuma zaidi. Chiriku alianza kulia.

Mama alishuka. Hakumtazama. Aliingia ndani ya hema, akapitisha ukucha kwenye mshono wa mbele, ukatoka na nta nyeupe. Akaenda nyuma, akapitisha ukucha, ukatoka mtupu. Alirudia tena kwa taratibu, kuanzia kona moja mpaka nyingine, kana kwamba alitumaini ameona vibaya. Alipotoka nje, alitazama mawingu.

"Kama tungekuwa na mshumaa," alisema.

Chiriku alikimbilia begi lake. Alitoa soksi, akaikung'uta mbele ya mama yake. Mishumaa ilianguka kwenye nyasi, miwili imevunjika. Mama aliitazama, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Chiriku hakuisahau. Kwa mara ya kwanza tangu wafike alionekana amechoka.

"Kumbe ulijua kabisa," alisema. Basi.

Kisha, ndani yake, fundi akamshinda mama. Alianza kupanga. Kazi ile ilihitaji watu wawili, mmoja akivuta kitambaa na mwingine akisugua, na ingechukua muda mrefu, kwa sababu mshono ule ulikuwa wa kupaka ndani na nje. Mvua ilitarajiwa mchana. "Baba Chiriku, mpeleke Mama na Bonge. Mimi na huyu tutabaki."

"Mama, nenda wewe!" Chiriku alidakia. "Nitafanya peke yangu. Mlinzi yupo."

"Siwezi kukuacha na mtu tuliyemjua jana. Na peke yako ulikwisha kuifanya, tukaona."

Bibi naye alianza kushuka. "Kama huendi, mwanangu, na mimi siendi. Yale ni maji tu."

"Mama, rudi ukae," alisema Mama, na sauti yake haikuwa na nafasi ya kubishana. "Tumekuja kwa ajili yako. Ukikaa hapa, tutakuwa tumepoteza wote. Nenda ukayaone, uje unisimulie."

Gari liliondoka. Mama alivua gauni lenye maua, akalikunja vizuri, akavaa kanga yake ya kazi. Mlinzi wa kambi aliwaazima jiko la mkaa la kupashia vijiko, bila kuuliza maswali, akaenda zake kufyeka.

Walifanya kazi kimya. Mama alivuta kitambaa kikanyooka, Chiriku akasugua mshumaa huku na huko, uzi ukaanza kuwa mweupe. Vidole vilimuuma. Alibadilisha mkono, kisha akaurudisha ule wa kwanza, na Mama akaendelea kuvuta. Walipofika katikati ndipo Chiriku alipothubutu.

"Umenikasirikia sana?"

"Sana," alisema Mama. "Lakini hasira yenyewe si ya mshumaa. Mtoto kuchoka kusugua, hilo nalielewa, hata mimi huchoka. Nilitoa pini mdomoni nikakushukuru, ukaniacha nishukuru." Akageuza kijiko, akakigusisha upande wa nyuma wa mkono wake kupima joto. "Ungeniambia pale pale kibandani, tungepaka wote wawili jioni moja, tungekuwa tumecheka. Badala yake hii kazi imekata tiketi, imepanda ndege, imetufuata mpaka huku. Haya, shika hapa. Kandamiza polepole."

Walimaliza nje, wakaingia ndani. Walipotoka, Chiriku mwenyewe alichukua ndoo bila kuambiwa, akajaza maji bombani, akayamwaga juu ya mshono wa nyuma. Akaingia ndani akapapasa kwa kiganja. Palikuwa pakavu. Akajaza ndoo tena.

Mvua ilianza mchana ukielekea jioni, wakati gari likiingia kambini. Bibi alifikishwa mlangoni akiwa amefunikwa koti la Baba, wote wakajibanza ndani. Ilinyesha mvua ya kweli, ya kuwafanya watu waongee kwa kupaza sauti. Chiriku hakutazama kitu kingine isipokuwa paa juu ya kitanda cha Bibi. Alisubiri. Halikupita hata tone, na safari hii hakuhitaji kumwambia mtu.

Ghafla tone likamwangukia Baba utosini. Lilitoka kwenye kona ya karibu na mlango. Chiriku alishtuka. "Pale nilipaka! Mama, kweli nilipaka!"

Mama alishika kona ile, akaichunguza, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hii ni yangu. Nilishona nikisinzia, sindano imeruka. Usijibebeshe mzigo wa mtu." Akaweka kikombe chini yake, na Baba akasogea.

Kisha Bibi akasimulia. Alisema maji yale hayafanani na picha, kwa sababu picha haina sauti. Alisema ardhi ilikuwa ikitetemeka chini ya viatu. Bonge alidakia kwamba alilowa uso akiwa mbali kabisa, na kwamba mle ndani kulikuwa na upinde wa mvua umelala. Mama alisikiliza ameshika tama, macho yakimng'aa, akiuliza hili na lile. Maji ni meupe au ya kijani? Yanaanguka kwa mkupuo au kwa ngazi?

"Wewe na maswali yako," Bibi alicheka, akamgeukia Chiriku. "Mama yako alipokuwa mdogo kuliko wewe, tulikuwa tunalala chumba kimoja, na ile kalenda iko ukutani. Kila usiku ananiuliza, Mama, yale maji hayaishi? Yanatoka wapi? Kalenda ilipokwisha mwaka nikataka kuitupa, akalia mpaka nikaogopa. Ndiyo maana iko mpaka leo. Mnasema ni kalenda yangu. Mimi naitunza tu."

Chiriku alimtazama mama yake. Lile gauni lenye maua lilikuwa limekunjwa pale kichwani mwa kitanda, halina hata kunyanzi. Akaelewa kila kitu mara moja, akajificha uso kwenye blanketi akalia, na mara hii si kwa kuogopa kugombezwa. Mama alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka mvua ilipopungua.

Asubuhi walikunja hema, wakapakia. Maporomoko yalikuwa upande mwingine, na ndege haimsubiri mtu. Walishuka mlima. Kwenye kona moja kali, mahali pasipo miti, Baba alipunguza mwendo, akasimama pembeni.

"Mama Chiriku, shuka kidogo. Mlinzi ameniambia nisimame hapa."

Wote walishuka. Mbali sana, katikati ya weusi wa mlima, kulikuwa na kitu cheupe kimesimama wima, chembamba. Sauti haikufika. Mama alifumba jicho moja kama afanyavyo anapotunga sindano, akatazama kwa muda mrefu.

"Mbona ni uzi?" alisema. "Jamani! Miezi yote ile nimekaa kwenye cherehani kwa ajili ya uzi?" Akacheka, akacheka sana, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wa Bibi.

Chiriku alimshika mkono. "Mama, nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe jana, uliposhuka garini. Kusema lile neno gari likiwa limewashwa, wakati ungeweza kunyamaza, si jambo dogo, na bibi yako amelala pakavu." Mama aliinama wakatazamana. "Lakini msamaha haurudishi siku, mwanangu. Jana imekwisha. Nataka ukumbuke hivi. Ukipewa kazi ukafanya nusu, ile nusu nyingine haipotei. Kuna mtu ataifanya, na mara nyingi atakuwa ni mtu anayekupenda, na ataifanya siku ambayo alikuwa na jambo lake. Kwa hiyo kazi ikikushinda, sema mapema. Nitakugombeza, halafu nitakuja tushike wote. Sawa?"

"Sawa, Mama."

Walirudi garini. Baba aliendesha, na Chiriku akatazama mlima. Bibi akageuka nyuma polepole, akamkazia Chiriku macho.

"Huyu kanyamaza tena! Kuna mshono mwingine?"

Gari zima likaangua kicheko, Mama akiwa wa kwanza.

"Hakuna, Bibi," alisema Chiriku. "Nimemaliza."

Mama alimtazama, kisha akageuza macho tena dirishani, kule kwenye uzi wake, mpaka kona ilipouficha.